Saa Moja Kabla ya Moto

Siku hizo nyumba iliyoungua haikukarabatiwa kwa kukisia. Kuta zenyewe zilikumbuka kila kilichokuwamo, na sheria iliwataka mafundi wairudishe nyumba kama ilivyokuwa saa moja kabla ya moto, mpaka nguo za kabatini.

Fundi Sekiete alikaa majuma matatu kwenye nyumba ya Mwantumu, kule Korogwe. Alikwangua masizi, akabadilisha milango iliyovimba kwa maji ya zimamoto, akapiga lipu upya. Alipomwita aje kukagua, Mwantumu alikuta kanga zake zimekunjwa vilevile, na cherehani ya marehemu mama yake iko pale pale dirishani. Machozi ya furaha yakamtoka.

Kisha akafungua kabati la mumewe, Hoza. Lilikuwa tupu.

"Fundi, hapa umesahau. Mume wangu aliunguliwa na kila kitu, hata vyeti vyake."

"Sijasahau, mama. Nimeangalia mara tatu. Saa ile kabati hili halikuwa na kitu."

Mwantumu akakaa kitandani. Saa ile alikuwa amelala hapo hapo, ana homa. Hoza ndiye aliyemfunika shuka, akamwambia apumzike, akatoka. Majirani walipokuja kumwokoa, ilibidi wauvunje mlango, kwani ulikuwa umefungwa kwa nje.

Sasa sauti ya Hoza ikasikika sebuleni, ya uchangamfu. "Mke wangu! Wamemaliza?"

Sekiete akaanza kukusanya vifaa vyake. Mwantumu akamshika shati.

"Kaka yangu," alinong'ona, "usiondoke kwanza."