Tumbo Lisilokataa

Benzamidi, kemikali ya maabara, yenyewe ni punje nyeupe tu, lakini imezaa dawa nyingi, na ile ya kuzuia kichefuchefu serikali huitia kwenye chumvi ya kila nyumba. Mtaani kwetu hatapiki mtu tena. Mimi peke yangu nimesamehewa kwa sababu ya figo, kwa hiyo chakula changu hupikwa bila chumvi.

Jana mchana mkwe wangu, Mwanakombo, alipakua samaki aliyepikwa tangu juzi. Loo! Funza walikuwa wakitambaa mbavuni mwa samaki yule.

“Mwanakombo! Samaki ameoza huyu!”

“Harufu tunaisikia, Mama, ila haitusumbui,” alijibu huku akilamba vidole. “Nawe na mambo yako ya kale!”

Mjukuu wangu Riziki, mtoto wa miaka minne, alikuwa ameshamaliza sahani yake, na jasho jembamba lilikuwa likimtoka. Nilimnyakua nikampakata, nikamtia kidole kooni ili atapike, kama marehemu mama alivyonifanyia mimi nilipokula mbegu za mbono zenye sumu. Nikasukuma, nikangoja. Tumbo lake halikujibu kitu.

Riziki akacheka.

“Bibi, unanitekenya!”