Mwangwi Katika Ampli ya Vali

Kila chombo kipya cha sauti kilisikiliza kwa niaba ya Serikali. Ampli kuukuu ya vali, kikuza sauti cha gitaa alichorithi Mwinshehe, ilikuwa kiziwi, ndiyo maana humo nyumbani watu waliongea watakavyo. Lakini gitaa lisilo na mwangwi lilimkera, na asubuhi hiyo akaifungia ampli kifaa kipya cha mwangwi.

Jioni akapiga noti moja. Ikarudi, ikafifia.

“Umesikia ilivyo tamu, mama watoto?”

Mkewe, Tabu, akaisogelea ampli, akatega sikio. Nyuma ya noti, ampli ilirudia maneno ya Tabu ya mchana, alipompelekea chakula kaka yake aliyejificha darini akiikimbia Serikali: “Kula, kaka. Humu hatusikiwi.”

Mwinshehe akachomoa waya ukutani. Ampli ikanyamaza. Sauti ya Tabu ikaendelea, sasa ikitokea kwenye kipaza sauti cha askari barabarani, ikikaribia mlango.