Mbiu ya Kilimani

Askari walipomaliza kupigilia vigingi juu ya kilima cha mji, ofisa wao alimwita Mashavu, mpiga mbiu, akamkabidhi tangazo. Kilima kimetengwa kwa ajili ya mlingoti wa simu ya upepo wa jeshi. Raia atakayekikanyaga kuanzia leo atakiona cha mtema kuni.

"Watangazie wote," ofisa alisema. "Sasa hivi."

Mashavu aliusoma waraka ule mpaka kwenye muhuri. Hapa kilimani ndipo mji ulipoanika mihogo yake, ukaswali Idi, ukakutana kila palipozuka neno.

"Afande, una hakika nipige?"

"Piga, mama! Au nimtafute mwingine?"

"Hakuna mwingine. Pembe hii kaniachia baba."

Akaipangusa pembe kwa upindo wa kanga, akajaza kifua, akapuliza mara tatu. Ofisa akatabasamu.

Kule chini milango ikafunguka. Watu wakamiminika, wakaanza kupanda: wanawake na michi yao mikononi, maseremala na nyundo, waliokuwa wakila wakilamba vidole.

Tabasamu likamtoka ofisa. "Wanakuja wapi hawa? Si umewaambia ni marufuku?"

"Sijawaambia kitu. Mbiu yetu haina maneno, afande. Huwaita watu waje huku juu wasikie."

"Waambie warudi!"

"Wakifika wote, nitawasomea."

Akaitandika ile karatasi chini, akaikalia, akapuliza tena kwa nguvu zote, na vichwa vya kwanza vikachomoza kwenye vigingi.