Kuvuka Korongo

Gari jipya la zahanati lilinasa usiku kwenye mchanga katikati ya korongo. Nesi Zawena alikuwa ameliendesha siku tatu tu. Kwenye kiti cha nyuma, mjamzito aliyekuwa akimpeleka hospitali alishikwa tena na uchungu, akang'ata kanga.

"Punguza upepo kwenye matairi," mama mkwe wa mgonjwa, aliyeketi kando yake, alisema. "Marehemu mume wangu alikuwa dereva wa lori."

"Pampu ya kuyajaza tena sina, mama. Kule ng'ambo kwenye mawe si yatapasuka?"

"Tutoke hapa kwanza, mwanangu."

Zawena alipiga magoti, akapunguza upepo tairi moja baada ya jingine. Akarudi kwenye usukani, akaingiza gia nzito, akaachia klachi polepole. Gari likatambaa mpaka ng'ambo.

Mama mkwe akashuka, akatangulia mbele ya taa, akiinama kuondoa jiwe moja moja, na gari likamfuata.