Karatasi za Tumbaku

Ubaldo alifunua ukurasa, akakuta zilizobaki zote zimechanwa. Kitabu alikiazima chuoni anakosomea ualimu, na kila jioni, hapa Kasokola, alikuwa akimsomea baba yake mgonjwa kwa Kikonongo.

"Nilisokotea tumbaku," mzee alisema, sauti ikikwaruza. "Nilichana za mwisho, nisikuharibie pale ulipofikia."

Ubaldo alipapasa kingo za karatasi zilizosalia kwenye uzi. Kifua cha baba kilipanda, kikashuka, kikakawia kupanda tena.

"Soma, mwanangu. Yule kijana aliyekwenda mgodini, alirudi kwao?"

Ubaldo alikiinamia kitabu, pale pasipo na neno.

"Alirudi," alisoma. "Akamkuta baba yake ameketi mlangoni, anavuta tumbaku."

Pumzi ya mzee haikusikika tena.

Ubaldo aliendelea kusoma, asithubutu kuinua macho.