Kanga Isiyoshika Maji

Sheria ilitaka kila nguo ichovywe katika dawa ya maganda ya kamba wa baharini, ili nyuzi zake zisishike maji, jasho wala harufu. Mwanakheri alitii kwa nguo zote isipokuwa kanga moja kuukuu. Binti yake Salha, mwenye miezi mitano, hakulala mpaka afunikwe kanga hiyo, iliyojaa harufu ya mama yake.

Asubuhi moja mkaguzi alipiga hodi. Alidondosha maji kwenye shuka, pazia na magauni, na kila tone liliviringika likaanguka sakafuni. Kisha akamwendea mtoto.

"Amelala, dada yangu. Usije ukamwamsha," alisema Mwanakheri.

"Tone moja tu, mama."

Tone lilitua juu ya kanga, likazama, doa likatanuka. Mkaguzi hakugomba. Aliivuta kanga taratibu, akaitia mkobani.

"Utaipata kesho, imeshachovywa."

Ilirudi nyororo, inang'aa. Salha aliinusa akalia, na kwa siku tatu hakubembelezeka, mpaka sauti ikamkauka. Siku ya nne alinyamaza.

"Si unaona? Amezoea," alisema Haji, mumewe, kwa furaha.

Mchana huo alipita muuza mchicha ambaye hawakupata kumwona kabla. Alinyoosha mikono kwa utani, na Salha, aliyebebwa na mama yake, akajitupa kwake bila kusita, akamlalia begani, akafumba macho. Mwanakheri alimwita mtoto wake mara mbili.

Salha hakugeuka.