Mchicha wa Kwenye Gunia

Tangu daktari amkataze mumewe chumvi, Mwanaidi alikuwa akiwapikia wote nyumbani chukuchuku. Mboga alizipanda mwenyewe, kwenye gunia nyuma ya jiko, akizimwagilia maji aliyooshea mchele.

Asubuhi hiyo alikuta mchicha wa upande mmoja umenyauka. Alipofukua shinani, akaibua kifuko cha chumvi, kimetoboka na kuloana kwa mvua.

"Baba Siwema!"

Mumewe alichungulia mlangoni, akakiona kile kifuko, akainamisha kichwa. "Nimechoka, mama Siwema. Chakula hakipiti."

"Kwani kwangu kinapita?"

Mwanaidi alikaa chini kando ya gunia, kifuko mapajani. Alitaka kukitupa. Badala yake akachovya kidole, akakilamba, akafumba macho. Kisha, bila kuyafumbua, akachovya tena.

Pale mlangoni, mumewe alimeza mate.